Vidonge vya Nyonga ya Mama

Mama aliteleza uani akavunjika nyonga. Akapasuliwa, akatiwa chuma, na siku ya sita tukaruhusiwa kurudi nyumbani Malindi. Kabla hatujatoka wodini, mfamasia, binti wa sauti ya upole, alitupa kipakiti cha dawa.

"Shikamoo mama. Hizi ni za maumivu makali. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku tano tu. Zinalevya na zinafunga choo, kwa hivyo unywe maji kwa wingi. Na usimpe mtu mwengine hata kimoja."

"Marahaba mwanangu. Nimpe nani, nami ndiye niliyevunjika?"

Siku ya pili akaja jirani, shoga yake mama tangu usichana wao. Alikuja kutoa pole, lakini muda mwingi aliutumia kuusimulia mgongo wake. Mimi nilikuwa jikoni nikikoroga uji.

Kesho yake mchana, binti wa jirani akaingia mbio. "Njoo umwone mama! Anasema sufuria zinacheza chakacha!"

Nikamkuta ameegemea ukuta, macho mazito, anatapika na kucheka kwa zamu. Nilirudi nyumbani kuhesabu vidonge. Viwili havikuwepo.

"Mama, umempa dawa?"

"Viwili tu. Mtu wa watu anaumwa, nimtazame?"

"Mama!"

"Basi niliona kimoja hakitamtosha. Yeye ni mnene."

Tulimkimbiza zahanati. Daktari alisema dawa ile haikupatana na vidonge vyake vya presha, akamlaza chini ya uangalizi, akimpima pumzi kila mara. Nilikaa pale kando ya kitanda chake. Alasiri alifumbua macho vizuri, akanishika mkono, akanong'ona, "Ile dawa… imebaki?"

Mama alipopata habari hakucheka. Alijifunika leso usoni, akalia kimya kimya, kisha akanikabidhi kipakiti chote. Tangu hapo nikawa nampa mwenyewe, kimoja kimoja, naye akifungua kinywa kama kinda la ndege na kunisonya akishameza. Siku ya nne akasema maumivu yamepungua, panadoli zinamtosha. Vilivyobaki tulivirudisha hospitali siku ya kutolewa nyuzi.

Jirani hakuweka kinyongo. Siku hizi huja kila asubuhi na kitambaa chake, na mama, ameketi kitini, humkanda mgongo kwa maji ya moto. Wakianza kusengenya, mimi huondoka.