Nilimtaja Opio kwenye Timu Yangu ya Daftari

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mbili, nina mke na watoto watatu, na kazi yangu ni ukarani katika kampuni ya kupitisha mizigo hapa Malaba, upande wa Kenya. Ukurasa huu umenifichia jina, nami nimebadilisha majina ya wengine. Msinionee huruma mapema, someni kwanza mpaka mwisho.

Hapa mpakani tuko wanaume tisa wenye mchezo wetu. Kila mmoja ana timu ya daftari. Unachagua wachezaji kumi na mmoja wa ligi, wa klabu yoyote, na wakifunga mabao huko kwao wewe unapata pointi huku. Barasa mwenye hoteli ndiye anayeandika. Gazeti la Jumatatu likishafika na basi la Nairobi, kazi husimama kidogo na chai ikaagizwa. Msimu ukiisha wachezaji huhama klabu, na sisi hufuta timu zote tukasajili upya Jumapili moja baada ya kanisa. Anayemtaja mchezaji kwanza ndiye mwenyewe, ila lazima ataje pia klabu atakayochezea msimu mpya. Ukikosea klabu, umempoteza.

Mwaka jana nilishika mkia. Wa mwisho kwetu hujifunga kiunoni leso ya mke wa Barasa na kuwaandalia wenzake chai kila Jumatatu, msimu mzima. Mtu mzima, na tai yangu shingoni, madereva wananiita Mama Chai. Nilicheka nao, lakini iliniuma sana, na niliapa haitatokea tena.

Basi, wiki mbili kabla ya Jumapili ya usajili, alivuka kijana kutoka Uganda. Nitamwita Opio. Mkifuata mpira mnamjua, mshambuliaji wa mguu wa kushoto. Mambo ya kule mnayasikia, sina haja ya kuyaeleza. Klabu moja ya Nakuru ilikuwa imemwita, na ruhusa ya serikali yao ya kuondoka hakuwa nayo. Alikuja mchana kweupe juu ya lori la kahawa, ameandikwa kuwa utingo, na karatasi za lori hilo zilipita mikononi mwangu. Nilimtambua, nikanyamaza, nikazipitisha. Jioni nilimchukua nyumbani, akakaa kwangu siku mbili, akacheza na watoto wangu uani kwa mpira wa matambara. Siku ya kuondoka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mzee, mke wangu amebaki Tororo, na ni mjamzito," alisema. "Atavuka siku ya soko, baada ya wiki tatu. Mpaka avuke, usinitaje kwa mtu. Askari wa kule wakijua nimehama, watamshika yeye."

Nilimwambia aende kwa amani. Na wallahi nilimaanisha.

Jumapili ikafika. Hoteli ilijaa, hata madereva wasiocheza walikuja kusikiliza. Kwa kuwa nilishika mkia, nilikuwa wa mwisho kuchagua kila zamu. Kila jina nililolikusudia lilichukuliwa mbele ya macho yangu, nikabaki sina mshambuliaji hata mmoja wa maana. Mwenzangu mmoja akaniuliza kama ile leso nimeshaifua. Watu wakaangua kicheko. Nilisikia uso unaniwaka, nikataja jina la Opio.

Barasa aliweka kalamu chini. "Wewe jamaa, huyo ako Uganda. Hapa tunaandika watu wa ligi yetu."

Ningeweza kuishia hapo. Ningesema nimekosea, nikaandikiwa yeyote aliyebaki, nikavaa leso yangu.

"Ako Nakuru," nikasema. "Andika."

Wakapiga meza kwa furaha, wakasema mwaka huu nimeamka. Dereva mmoja wa Kampala alimaliza chai yake akaondoka. Sijui kama ni yeye aliyepeleka habari au ni mwingine, kwa sababu tulikuwa watu wengi mle ndani. Siku ya nne askari walifika kwa mke wa Opio. Walimhoji siku mbili, wakachukua karatasi zake, na tangu hapo kila asubuhi lazima aripoti kambini. Siku ya soko ilipita bila yeye kuvuka. Sasa amejifungua mtoto wa kike ambaye baba yake hajamwona.

Opio naye anafunga tu. Kila Jumatatu Barasa anasoma mabao yake kwa sauti, na mimi ndiye ninayeongoza. Wananipigia makofi, na chai hainishuki. Mke wangu anadhani ni vidonda vya tumbo.

Wiki iliyopita nilipata barua ya Opio. Ananiomba mimi niliye mpakani nimtafutie aliyemuuza. Ameandika hivi: "Hapo Malaba nilikuambia wewe peke yako, na wewe ni ndugu yangu, kwa hivyo lazima kuna mtu aliniona nikiwa kwako." Nimeisoma barua hiyo chooni mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema.

Klabu yake inakuja Busia, mji wa mpakani jirani na sisi, kucheza mechi ya kirafiki Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Barasa amefurahi, amepanga kumleta hotelini aone daftari na amjue mtu aliyemsajili kabla hata ya magazeti. Nilijaribu kumkataza, akaniambia nisione haya, hiyo ni sifa yangu. Nimewaza kuliiba daftari nilichome. Nimewaza kumwambia Opio mwenyewe, lakini Busia mpaka unavukwa kwa miguu, na naogopa atavuka kwa hasira siku hiyo hiyo kumfuata mkewe, na akivuka hatarudi. Nikinyamaza, atajisomea mwenyewe: jina lake, klabu yake, tarehe, na juu ya ukurasa jina langu.

Nitukaneni mkitaka, nimestahili. Lakini mkimaliza, nishaurini nifanye nini, maana Jumamosi hiyo atanitafuta uwanjani anishukuru.