Alizeti Zilizoinama

Vidole vyangu vilikaa njano siku sita. Rangi ya chakula haitoki kwa sabuni ya mche, haitoki kwa ndimu, na anayekwambia inatoka kwa majivu hajawahi kuipata mkononi. Inatoka yenyewe ikichoka. Labda hasira yangu ingepoa mapema kama isingekuwa na alama, lakini kila nilipokanda unga niliiona ile njano, na kila nilipoiona moto uliniwaka upya kifuani.

Mimi ni mpishi wa kando ya barabara, Iguguno. Nauza chai, maandazi, chapati, na keki za vikombe siku nikiwa na mayai ya ziada. Wateja wangu ni madereva wa malori na wakulima wanaoshuka na magunia yao. Biskuti za kuchora nilijifunza kwenye simu, nikimtazama mama mmoja ambaye lugha yake sikuielewa lakini mikono yake niliielewa vizuri sana. Nilirudia video hiyo mpaka bando likaisha, nikaweka jingine, nikarudia. Nilikuwa na hamu moja tu: wanawake wa Singida mjini, wale wanaoagiza vitu vya sherehe kutoka Dar na Arusha, wajue kwamba jirani yao hapa hapa kuna mtu anaweza.

Rafiki yangu alilijua hilo. Alijua kila kitu changu. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza hadi la saba, mashamba ya wazazi wetu yalipakana, na msimu wa alizeti tulipura pamoja, vichwa vyetu tumevifunga kwa kanga moja iliyochanwa katikati. Yeye alifaulu, akaenda shule ya bweni, akapata kazi ya ofisi mjini. Mimi nilibaki. Sikumwonea wivu, na yeye hakunionea aibu, au ndivyo nilivyoamini miaka yote hiyo.

Alipopata mchumba, kijana wa familia yenye maduka mjini, alikuja mwenyewe kibandani kwangu. Aliketi kwenye benchi la madereva na viatu vyake vya visigino, akamega andazi langu la moto kama zamani.

"Besti, kwenye kicheni pati yangu nataka biskuti kila meza. Zile zako za kuchora. Rangi za sherehe ni njano na kahawia, kwa hiyo nataka ziwe alizeti."

"Alizeti zipi? Zinazotazama juu au zilizoinama?"

Alicheka, akanipiga bega. "Zilizoinama bwana! Kama za kwa mzee wako."

Kwa asiyelima, nieleze. Alizeti changa hutazama juu, na ndiyo watu wa mjini husimama nayo kupiga picha. Ikikomaa kichwa hujaa mbegu, kikawa kizito, shingo ikajipinda na ua likatazama ardhi. Baba alikuwa na desturi ya kupita shambani jioni akiviinua vichwa kwa kiganja, kimoja kimoja, akipima uzito wake. Inayotazama juu bado haina kitu, alikuwa akituambia. Kwa hiyo kwetu ua zuri ni lile lililoinama, na mimi na rafiki yangu tulikua tukilijua hivyo.

"Na usije na zawadi nyingine," alisema akisimama. "Hizo biskuti ndiyo zawadi yako. Nitamwambia mshereheshaji akuite, usimame, watu wakuone. Mama mkwe wangu anajuana na mji mzima. Utakosa usingizi kwa oda, mimi nakwambia."

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Nilirudi nikiimba.

Kikatio cha umbo lile hakiuzwi dukani. Nilikwenda kwa fundi bati anayetengeneza vibatari, nikamchorea kwa kijiti kwenye vumbi. Akakata kopo la maziwa ya unga, akalikunja. La kwanza lilitoka jembe. La pili lilitoka bata, naye akaliangalia akasema bata naye si mbaya kwenye sherehe. La tatu ndilo lilitoka alizeti, na shingo yake iliyopinda.

Oveni sina. Nina sufuria kubwa lenye mchanga ndani, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko, na pua yangu. Biskuti kumi na mbili kwa mara moja, nami nilitaka mia na hamsini. Zile zilizobabuka nilikula na mama yangu kwa chai. Baada ya hapo ndipo ikaja kazi yenyewe, ya aisingi. Ni ute wa yai na sukari ya unga tu, lakini inataka subira kuliko kusuka ukili. Unachora kwanza ukingo kwa aisingi nzito, unausubiri ukauke, halafu unamwaga ile nyepesi ndani, nayo inatambaa yenyewe hadi ukingoni. Ukiharakisha inafurika. Mbegu nilizichora kwa aisingi ya kakao, nukta kwa nukta, kwa njiti ya meno, kwa sababu alizeti isiyo na mbegu nyingi ni matusi kwa mkulima.

Na upepo wetu, jamani. Upepo wa Singida haulali, na hauji mikono mitupu, unakuja na vumbi. Aisingi mbichi ikipata vumbi imekwisha. Basi nilizipanga biskuti kitandani kwangu juu ya trei na mbao, nikashusha chandarua. Siku mbili mimi na mama tulilala sebuleni kwenye mkeka, biskuti zimelala kitandani kama mzazi aliyejifungua. Mama alikaa mlangoni na fimbo akifukuza kuku, huku akilalamika, kwa kuwa viini vya yale mayai tulivila asubuhi na jioni mpaka akaapa kwamba akiona njano nyingine atahama nyumba. Siku ya mwisho mfuko wangu wa kuchoria ukapasuka, rangi ikanimwagikia vidole vitatu vya mkono wa kulia. Sikujali. Nilijiambia watu wakiniuliza ndiyo nitapata pa kuanzia.

Nilifika ukumbini mapema, nikapanga mwenyewe, tano kila sahani. Mama wa rafiki yangu, ninayemwita mama tangu nina meno ya maziwa, alinisaidia kupeleka sahani mezani. "Mwanangu, una mikono ya baraka," aliniambia. Niliketi meza ya marafiki wa shule, nimevaa sare yangu ya njano kama wenzangu.

Ukumbi ulijaa wanawake. Wakwe walikaa mbele, dhahabu shingoni na mikononi, na katikati yao bibi wa bwana harusi, mama mtu mzima kutoka Kinyangiri, amevaa kanga na kandambili, mikono imekomaa kwa jembe. Baada ya sala mshereheshaji aliinua biskuti moja juu.

"Jamani, hamjaona! Hizi si biskuti za mchezo. Bibi harusi wetu kaziagiza kwa fundi, kutoka Dar es Salaam!"

Vigelegele vikapigwa. Mimi nikacheka kidogo, nikidhani kakosea karatasi yake. Nilimtazama rafiki yangu ili amsahihishe. Na kweli aliomba kipaza sauti. Nikajiweka sawa kwenye kiti, nikavuta gauni langu magotini tayari kusimama.

"Ni kweli," alisema, "zimekuja na basi juzi. Nilitaka wakwe zangu wapate kitu cha hadhi."

Hakunitazama. Nilimtafuta mama yake kwa macho, nikamwona anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja tena. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna aliyekosea. Walikuwa wamepanga, labda tangu mwanzo, labda siku ile ile aliyokula andazi langu. Nilihisi nimevuliwa nguo mbele za watu, na mbaya zaidi hakuna aliyejua kwamba niko uchi isipokuwa watu wawili ninaowapenda.

Nilidhani hilo ndilo la kuumiza kuliko yote. Kumbe zamu ya zawadi ilikuwa haijafika.

Kicheni pati zetu, kila kundi huitwa kwa muziki, likacheza kutoka mezani hadi kwa bibi harusi, kila mmoja amebeba zawadi yake juu ili watu waione. Hakuna kujificha. Tukaitwa, marafiki wa shule ya msingi. Mmoja alibeba seti ya sufuria, mwingine chupa za chai, mwingine birika na ndoo yake. Mimi nilibeba mikono yangu. Kubaki kwenye kiti nisingeweza, sare ilikwisha nitangaza. Nikacheza ukumbi mzima na vidole vya njano vimefumbwa ngumi, huku wanawake wa meza za kando wakinitazama mikono, halafu uso, halafu wakitazamana. Nilimsikia mmoja akisema, "Na huyu naye kaja kula?"

Nilipomfikia rafiki yangu alinikumbatia. Alinukia marashi mapya. "Nivumilie," alininong'oneza sikioni. "Unawajua hawa walivyo."

Nilitaka kumtikisa. Nikacheza nikarudi mezani.

Nilikuwa nimekwisha shika mkoba niondoke aliposikika yule bibi wa Kinyangiri. Alikuwa ameshika biskuti yangu mbali na uso, kama wazee wanavyosoma karatasi, na akasema kwa Kinyiramba, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita shambani, kwamba aliyechora kitu kile amekata alizeti kwa mikono yake.

"Bibi, hata Dar picha za alizeti zipo," alisema rafiki yangu akicheka.

"Za kwenye picha zinatazama juu," bibi akajibu, akaitia mdomoni.

Mtu haondoki bila kuaga wakubwa. Nilikwenda meza ya mbele, nikapiga goti. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu." Akanipokea mkono, asiuachie. Akaugeuza. Akavitazama vidole vyangu vitatu. "Na hii njano?"

Nyuma ya bega lake rafiki yangu alikuwa amesimama. Alitikisa kichwa, kidogo tu, na midomo yake ikasema tafadhali bila sauti. Nilikuwa nalo jibu mdomoni. Maneno mawili yangetosha. Ningeyasema, mji mzima ungejua, na yeye angeingia kwenye ndoa yake akiitwa mwongo na wakwe kabla hata hajaolewa.

"Ni binzari, bibi," nikasema. "Nilikuwa napika mchuzi."

Bibi akavisogeza vidole vyangu puani akavinusa. Nilijua vinanukia vanila. "Haya," alisema, akaniachia.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijiuliza kwa nini nimemlinda mtu ambaye ameniuza kwa vigelegele. Nilijijibu kwamba alikuwa na hofu. Wakwe matajiri wanatisha, na hofu humfanya mtu amkane hata mzazi wake. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimekwisha msamehe nusu. Hiyo nusu nyingine nilimwachia aje aiombe mwenyewe, na niliamini atakuja.

Asubuhi nikapata ujumbe wake.

"Besti asante, umeniokoa. Ulivyosema binzari nilitamani nikukumbatie. Sasa harusini nataka mia tatu, tutafanya vilevile. Ila safari hii zitazame juu, zile zilionekana kama zimenyauka."

Nilisoma nikiwa nimesimama juu ya karai la mafuta, na maandazi manne yakaungua. Uongo wa Dar ningeumeza. Mikono mitupu ningeimeza pia, Mungu ni shahidi. Lakini kunyauka! Huyu ndiye aliyeniambia kwa mdomo wake zilizoinama, kama za kwa mzee wako. Alizipura pamoja nami, akarudi nyumbani na makapi kwenye kope, akala mboga zilizoungwa kwa mafuta yake, akasomeshwa kwa magunia yake. Alijua. Kama angekuwa mgeni ningemweleza. Kwa anayejua sikuwa na la kueleza.

Sikumjibu. Alipiga simu mara tatu mchana huo, nikaiacha iite juu ya kabati la maandazi mpaka ikanyamaza. Mama aliuliza ni nani, nikamwambia ni mtu wa mjini.

Kabla ya jua kuzama alishuka dereva mmoja, mgeni, akaagiza chai na maandazi mawili. Nilipompa sahani niliona amevitupia macho vidole vyangu, basi, hakuuliza neno.

"Ni rangi ya biskuti," nikamwambia. "Biskuti za alizeti. Mia na hamsini. Nilizichora mimi."

Alinitazama mdomo umejaa andazi.

"Sawa dada," alisema. "Niongezee chai."

Nikamwongezea. Aliyefuata naye nikamwambia.