Swali Langu Kuhusu Nyota Isiyotoa Mwanga

Baba alikuwa mfanyabiashara wa mbata, zile nazi zilizokaushwa, akivuka mpaka wa Horohoro kupeleka mzigo Mombasa. Mwaka wangu wa mwisho shuleni Tanga aliniambia likizo ya katikati ya mwaka ikifika nisirudi tena darasani. Alihitaji mtu wa kusimamia duka la Pongwe.

Wiki ile ile mwalimu wetu wa fizikia, Mzungu mmoja mrefu asiyependa maswali, aliuweka mtaala kando akatueleza mambo mawili yaliyomsisimua. La kwanza, nyota nzito mno huweza kuporomokea ndani yake hata mwanga wake usitoke. La pili, chembe mbili zilizotoka mahali pamoja hubaki na mapatano: ukiipima moja, wajua nyingine itajibu nini, hata ikiwa mbali.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, tuseme chembe hizo tumeziweka karibu na nyota hiyo, moja karibu zaidi kuliko mwenzake. Mapatano yao yatabaki yale yale?"

Darasa likacheka. Mwalimu naye akatabasamu, akageukia ubao aandike jibu. Akaandika mstari, akafuta. Akaandika mwingine, akaufuta nao. Kicheko kikakatika.

"Sijui," akasema. "Na simjui mtu yeyote anayejua."

Moyo ulinidunda kwa furaha mpaka nikashindwa kuandika.

Nilipofika nyumbani nikawakuta wazee barazani wanakunywa kahawa. Nikawaamkia, "Shikamooni."

"Marahaba," akajibu baba. "Umewaaga wenzako?"

Badala ya kujibu nikamsimulia yote. Nilichukua vikombe viwili nikavifanya chembe, na birika la kahawa nikalifanya nyota. Ami yangu akaguna kwamba nyota haziuzi mbata. Baba hakumsikiliza.

"Yaani yeye mwenyewe, mwalimu, kasema hajui?"

"Ndiyo, baba. Mbele ya darasa zima."

"Na swali lilikuwa lako? Hukulisoma mahali?"

"Langu, baba."

Akavitazama vile vikombe, kisha akacheka kwa sauti, kicheko ambacho sikuwahi kumsikia akikicheka dukani. Akamgeukia ami. "Duka utalishika wewe. Huyu anarudi shule."

Mama, aliyekuwa nyuma ya mlango akisikiliza, akapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka kuuliza nani anaolewa.