Farasi Mfupi wa Madamu

Bwana yangu alikuwa mtunza farasi wa mjane mmoja wa Kibelgiji, aliyekuwa na nyumba kubwa kando ya ziwa, hapa Gisenyi. Sisi tulimwita Madamu tu. Farasi wake walikuwa watatu. Alipofunga mizigo kurudi Ulaya, wale wawili warefu walichukuliwa upesi na wenye mashamba wa upande wa Kongo. Wa tatu, yule mfupi ambaye Wazungu humwita poni, hakuna aliyemtaka. Basi Madamu akamkabidhi bwana yangu kamba, akamwambia amtafutie mtu mwema, na kwa vyovyote asimpe mchinjaji. Bwana yangu akaapa. Mimi nilikuwa naanika nguo alipoingia uani na yule mnyama nyuma yake. Sikuulizwa.

Nilikuwa na mtoto mmoja wa kutambaa na ua usiotosha hata kuku. Wiki ya kwanza farasi alimaliza mboga zangu zote za lengalenga, akatafuna nepi mbili kwenye kamba, akavunja mtungi. Majirani wa mtaa wetu walikuja kumwangalia, na kila mmoja aliuliza swali lile lile.

“Iko inatoa maziwa?”

“Hapana.”

“Basi iko ya nini?”

Katika nchi ambayo ng'ombe ndiye mali na mzigo unabebwa kichwani, nilikuwa nimefuga kitu ambacho hata jirani mwema hakuweza kukisifia.

Mteja wa kwanza alitoka kwenye hoteli ya ufukweni. Alitaka farasi wa kupandwa na watoto wa wageni. Alimzunguka, akamshika shingo, akatabasamu. Nikaanza kushukuru Mungu moyoni. Hapo bwana yangu akakohoa.

“Muzee, nisikufiche. Huyu anajaza tumbo pumzi wakati unamufunga tandiko. Akitoa pumzi, mukanda unalegea, tandiko inageuka, mutoto anaanguka chini.”

Yule mtu alivaa kofia yake ya majani, na farasi akaiuma papo hapo.

“Hiyo nayo,” bwana yangu akasema. “Hapendi kofia.”

Mtu wa hoteli akaenda zake. Nilimwuliza bwana yangu kwa nini asinyamaze. Akasema mtoto wa mtu akivunjika shingo, dhambi ni ya nani? Kwa hilo sikuweza kumlaumu. Nilichota maji nikamnywesha yule mnyama, kwa sababu kiu haikuwa kosa lake.

Halafu akaja padri mmoja kutoka Nyundo, mtu mrefu aliyetembelea makanisa ya vilimani kwa miguu na goti lilikuwa linamsumbua. Alipompanda kwa kumjaribu, miguu yake ilikaribia kugusa ardhi, lakini alicheka mwenyewe na akasema haidhuru. Bwana yangu akamweleza habari ya pumzi. Padri akasema atazoea. Akamweleza habari ya kofia. Padri akavua kofia yake. Ndipo bwana yangu, kwa sauti ya upole kabisa, akaongeza kwamba farasi huyu akisikia lori anasimama katikati ya barabara, na wala hatoki.

“Ah bon, kumbe,” padri akasema, akashuka.

Miezi ikapita hivyo. Alikuja mchuuzi wa ngozi, akaja karani aliyetaka kuringa mbele ya wakwe zake. Wote walikuja wakiwa na hamu, wote wakaondoka wakitikisa vichwa. Mchinjaji kutoka ng'ambo ya mpaka ndiye pekee ambaye hakujali kasoro yoyote, na huyo alifukuzwa kabla hajamaliza salamu. Nami nilikuwa naamka alfajiri kuzoa mavi ya farasi, mtoto mgongoni, huku majirani wakilalamika juu ya nzi.

Siku moja sokoni, mama mmoja muuza viazi aliniuliza kama ni mimi mwenye ‘farashi’, kwa matamshi yake. Alikuwa mjane wa Bugeshi, kule juu, kwenye miguu ya volkano, na alikuwa anashuka na viazi kichwani mpaka shingo yake ikakataa kugeuka. Alisema kama yule mnyama anaweza kubeba magunia, nimpelekee amuone. Akanielekeza kwake.

Jioni nikamwambia bwana yangu, “Kesho ninamupeleka mi mwenyewe. We ubaki na mutoto.”

Nilingoja ugomvi. Badala yake alikwenda uani, akainua kwato za farasi moja moja, akazisafisha kwa kijiti.

Ile njia siisahau. Kila kijito farasi alisimama, nikamsukuma matako kama mwendawazimu. Kila shamba la njegere alichomoka na kuingia, na wenyewe wakanitukana kwa Kinyarwanda nami nikaomba radhi kwa Kinyarwanda. Kanga yangu ilichanika. Baridi ya juu ilipoanza kuniingia nilikuwa nimefanya mazoezi ya uongo wangu njia nzima: hana kasoro, ni mpole, ni mnyama wa kizungu.

Yule mama alitupokea kwa maziwa ya moto. Akatazama meno ya farasi kama anayejua, kisha akaniuliza, “Niambie, dada. Ubaya wake ni nini?”

Nikafungua kinywa kusema hana, na yote yakatoka: pumzi, kofia, lori, na uzee pia. Nilijichukia. Nilijiona nikirudi naye njia ile ile, kijito kwa kijito.

Mama akafikiri. “Lori haifiki huku. Kofia sina. Na hiyo ya pumzi, si namufunga, nangoja kidogo atoe, namufunga tena?”

Akachukua kamba akajaribu. Alifunga. Farasi akajaza tumbo. Mama akasimama akimkuna sikio, akizungumza nami habari za mvua. Tumbo likashuka. Akakaza tena. Gunia la viazi likakaa imara juu ya mgongo kama limeshonwa.

Nililala kwake, na asubuhi nikamwachia farasi, nikashuka na viazi alivyonipa, kadiri nilivyoweza kubeba. Hasira yangu ilikuwa inakua kila hatua. Mwanamke ambaye hakuwahi kumgusa farasi maishani alikuwa ameona dawa kwa muda wa kunywa kikombe cha maziwa. Na bwana yangu alikuwa amefunga matandiko ya Madamu miaka sita.

Nilimkuta akimlisha mtoto uji. Sikumsalimia.

“Ulijua mutu anaweza kufunga mara mbili?”

Akapangusa mdomo wa mtoto. “Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu zamani.”

“Na yule wa hoteli? Na padri?”

“Waliniuliza ubaya,” akasema. “Dawa hawakuuliza.”

Nilitupa viazi chini na kwenda kukaa kwa dada yangu mpaka magharibi. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga, na sikufanya hata moja. Niliporudi, alikuwa amefagia ua wote, na mahali alipokuwa akifungwa farasi palikuwa peupe. Alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma, kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya watu akakuta wamehama.

Yule mama alikaa na farasi mpaka mnyama huyo alipokufa kwa uzee. Na bwana yangu, mtu ambaye hakupenda kutembea hata kwenda Rubona hapo jirani, kila baada ya wiki mbili alipanda Bugeshi kwa miguu, kijiti cha kusafishia kwato mfukoni. Nikimwuliza anafuata nini, alisema viazi. Tulikula viazi asubuhi, tukala viazi usiku. Niliwapa majirani, niliwapa mbuzi wao. Hata leo mtu akiniwekea sahani ya viazi mbele yangu, namwomba aniletee ndizi.