Mlango wa Pamba

Pasi ya makaa inapogusa pamba yenye unyevu, harufu ile hunirudisha kwenye mkeka wetu kule Rugenge, kando ya ziwa. Mama alikuwa akimshonea dada yangu kitambaa cha meza cha harusi, akiiga picha ya kalenda ya misioni: ziwa lenye bata maji, milima ya theluji, nyumba iliyofungwa mlango.

"Ile theluji utaishona namna gani?" nilimuuliza.

"Minye sijaonaka milima ya chumvi. Nitashona yetu." Akatia uzi wa kijani kwenye sindano. Bata maji nao wakageuka mitumbwi.

Dada hakucheka. Alikuwa anaolewa Nyakabere, mbali na ziwa, na shangazi alikuwa amemwambia kwamba binti akishatoka, kwao si kwao tena.

Jioni ya kuamkia harusi, Mama aliufumua mlango wote wa kahawia, uzi kwa uzi. Ikabaki pamba tupu, nyeupe.

"Mama, umeharibisha!" dada alilia.

"Weye, angalia muzuri. Mulango iko wazi."

Dada alipapasa pale peupe. Kisha akaomba sindano, na mlangoni akashona mwanamke mdogo, kikapu kichwani, anaingia.