Mume Wangu Alifika Ruangwa Kabla Ndege Haijaruka

Mume wangu Harithi alinipigia simu anapanda ndege Maskati. Kabla chai yangu haijapoa, akaonekana buchani Ruangwa.

Msicheke. Ni kweli tupu.

Naishi Naipingo, Nachingwea, kwenye nyumba niliyoachiwa na marehemu baba. Harithi aliaga miaka minne nyuma, eti anakwenda Omani kuendesha magari. Akaniachia mama yake, Bi Biasha, mgonjwa wa miguu. Nikawa namwogesha, namkanda, nampikia uji, na kila mwezi nampa nauli ya kliniki.

Asubuhi ile akapiga.

"Zulfa mke wangu, ndo tunapanda ndege. Nazima simu. Keshokutwa niko nyumbani."

Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni.

Mara simu ya Prisila, rafiki yangu anayeuza vitenge Ruangwa.

"Shoga, mbona shemeji yuko huku anachagua maini?"

"Acha utani. Yuko Maskati."

Akanirushia picha. Harithi huyo, mfuko wa nyama mkononi.

Nikaingia mtandaoni. Maskati hadi Dar, karibu kilomita elfu nne. Zaidi ya saa tano angani. Na Dar kuja huku kwetu, basi la kutwa nzima.

Hasira zikanipanda.

Sikulia. Nikasema huyu nitampokea mpaka ajute.

Nikakodi gari aina ya Noah, nikajaza kina mama wa kikundi chetu na ngoma zao. Nikamvisha mama mkwe gauni jipya.

"Mama, mwanao anarudi. Twende tukampokee."

Gari lilipokata kona ya Ruangwa, akanishika mkono.

"Mwanangu, huku siko. Turudi, presha inanipanda."

Nikadhani ni joto. "Vumilia mama, tunakaribia."

Prisila, aliyemfuata toka buchani, akatuelekeza hadi mlangoni kwake. Ngoma zikalia, majirani wakajaa.

"Karibu kutoka Maskati, mume wangu! Ndege imetua salama?"

Harithi akatoka na fulana, tonge bado mdomoni. Nyuma yake mwanamke mjamzito. Watu wakatoa simu, wakarekodi. Raha niliyoisikia siifichi.

Ndipo katoto ka kike kakachomoka ndani. Kakanipita mimi. Kakamkumbatia mama mkwe wangu miguuni.

"Bibi! Leo umetuletea karanga?"

Ngoma zikanyamaza.

Kumbe zile safari za kila mwezi za kliniki, ambazo nauli yake nilitoa mimi, zilikuwa za hapa.

"Mama, ulijua?"

"Zulfa, ni mwanangu. Ningefanyaje?"

Nikamkalisha kibarazani taratibu. Nikampa mkoba wake na dawa zake.

"Harithi, mama yako huyo. Anaoga maji ya moto. Miguu inakandwa asubuhi na jioni."

Nikapanda gari.

Talaka nilidai, nikapewa. Prisila anasema yule mwanamke hamkandi mama miguu. Juzi Bi Biasha kaleta salamu, anaomba kurudi Naipingo. Sikuzijibu.

Dada zangu, mume akikudanganya, kabla hujamfuata angalia kwanza nani ndani ya nyumba yako anamfichia siri. Huyo ndiye anayeuma.

Harithi nimeshamsahau. Mama yake, bado.