Maji Tuliyoyazika Mlimani

Mimi nilikomea darasa la nne, lakini kuna kompyuta moja iliwahi kunitegemea. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka ya Sumbawanga yamejaa redio na mitumba, nami nimepata koti la mtu wa Ulaya lenye mifuko sita. Mpaka leo sijajua mtu anaweka nini katika mifuko sita.

Basi, shida yetu ilikuwa bustani. Mke wangu alilima vitunguu kando ya kijito, huku kwetu Pito, na kila Septemba kijito kilikauka, vitunguu vikafa vikiwa saizi ya jicho la ng'ombe. Akasema vikifa tena anarudi kwa kaka zake kule Mwimbi kulima ulezi, nami nitajipikia. Hakuwa mtu wa kutania.

Ndipo akaja mtaalamu wa maji, mtu wa miwani, mpole. Alisema masika maji mengi yanatupita bure yanaishia ziwani. Yeye atayachepusha kwa mfereji, yaingie kwenye mashimo mapana mlimani, yazame taratibu, na kiangazi yatoke yenyewe kijitoni. Majirani wakacheka. Mke wangu akasema, "Si ntumba tu hiyo?" Ntumba ni yale matuta yetu ya duara: unazika majani ndani, yanaoza, chakula unakula mwaka unaofuata. Sisi Wafipa tumezoea kuzika kitu na kungoja.

Ila mashimo hayachimbwi hivi hivi. Kwanza alichora mlima wetu ndani ya kompyuta, mlima wa namba, aumwagie mvua ya namba aone kijito kitajaaje. Namba za kijito zilitoka kwangu. Alisimika ubao wenye mistari majini, akanipa daftari niandike kila asubuhi maji yamefika mstari gani. Kompyuta ikikubaliana na kijito, tutachimba. Isipokubaliana, mradi unahamia bonde jingine.

Niliandika mwaka mzima. Akarudi na makaratasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, kompyuta inakataa. Jumamosi mvua inanyesha, maji yanapanda. Jumapili yanasimama palepale. Jumatatu yanaruka. Kila wiki. Nimepima mito mingi, sijaona unaopumzika."

Mke wangu alikuwa anachambua maharage. "Mwambie," akasema.

"Nimwambie nini?"

"Jumapili unakuwa wapi."

Nilikuwa kanisani, na baada ya kanisa kwenye kimpumu, pombe yetu ya ulezi. Jumapili hatushiki hata jembe, nikaona kupima mto nako ni kazi. Lakini kuacha nafasi tupu kwenye daftari la watu niliona ni kukosa adabu, kwa hiyo niliandika namba ya jana.

Mtaalamu alivua miwani akaifuta. "Na Kupaa Bwana?"

"Na Kupaa Bwana."

"Pasaka?"

"Pasaka siku nne. Kuanzia Ijumaa Kuu."

"Mwanangu," mke wangu akamwambia, "zitoe hizo za kanisani, uanze upya na zilizobaki. Huyu siku nyingine ni mkweli."

Akazitoa. Kompyuta ikakubali, si sana, lakini ikakubali. Tukachimba, bonde zima, hata wale waliocheka, maana siku za kuchimba kulikuwa na nyama. Masika maji yakaingia mashimoni, yakazama. Kompyuta ilisema kiangazi tutayaona magotini.

Septemba yalikuja ya kifundo cha mguu, nayo yalitokea hatua mia mbili chini ya bustani yetu, mbele ya shamba la mjane mmoja aliyecheka kuliko wote. Kwetu palikuwa pakavu kama kawaida. Mtaalamu alisema kuna mwamba hakuuweka kwenye kompyuta. Alisikitika kweli, hata chai hakumaliza.

Mke wangu alitazama miche yake, akavaa kitenge kizuri, akateremka kwa mjane. Mimi nikafuata nyuma na jembe, bila kuulizwa.

"Nilicheka mimi," mjane akasema.

"Ulicheka sana, dada."

"Hata jana nilicheka kidogo." Akanyoosha mkono. "Haya, chukua kuanzia hapa mpaka kwenye lile jiwe."

Tulihamisha miche siku ileile. Ilinyauka siku tatu, ya nne ikasimama. Vitunguu vilifika ukubwa wa ngumi, na habari za Mwimbi sikuzisikia tena.